Kisanduku Nilichoficha Karibu na Kiota

Sikuiba vifaranga vile. Nianze na hilo, maana ndilo neno nililojificha nyuma yake miezi miwili sasa. Sikuiba. Lakini njia aliyopita mwizi niliichora mimi, na aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake ni mtu mwingine, na mimi nilikuwepo nikatazama.

Mnisikilize jamani. Mkitaka kunitukana, subirini nimalize.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Niboye, hapa Kigali. Wazazi wangu ni Wanyarwanda lakini nilizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili. Kinyarwanda changu watu wanakicheka hadi leo. Kazi yangu ni kupima viwanja. Kule Kinyinya wanakojenga kila kukicha, bikoni nyingi mnazojikwaa nazo, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, nimezisimika mimi.

Na kazi yangu najivunia, siwezi kudanganya. Mtu akiniambia nimekosea hata kwa upana wa kidole, siku yangu imeharibika. Wenzangu ofisini wanajua. Ndiyo maana wanapenda kunichokoza.

Sasa, ofisini kwetu kuna mchezo ulituingia kama homa. Unaficha kisanduku mahali, ndani unaweka kijidaftari na kalamu. Halafu unaandika kwenye programu ya simu namba za mahali pale, zile za satelaiti, pamoja na dokezo moja la kumsaidia mtafutaji. Watu usiowajua wanafuata simu zao hadi pale, wanapekuapekua, wakikipata wanaandika jina lao la mchezo kwenye daftari na kukirudisha kilipokuwa. Basi. Hakuna zawadi, ni sifa tu.

Kisanduku changu cha kwanza nilikificha kwenye tundu la ukuta wa nje wa nyumba yangu, chini ya bougainvillea. Kila anayeanza anafanya hivyo, anaficha karibu na kwake. Kikumbukeni hicho, nitakirudia.

Aliyeniponza ni Patrick. Si kwamba namlaumu, nasema tu ilivyokuwa. Patrick ni mchoraji ramani wetu, tunalingana umri, yeye alikulia Uganda. Kila kisanduku nilichoficha alikipata kabla chai ya saa nne haijapoa. Vitano mfululizo. Halafu anakuja mezani kwangu anatingisha kichwa.

"Sista, hivi vyako ni vya watoto wa chekechea. Ficha kitu bwana, tutoke jasho."

Wengine wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini moyoni nilikuwa nachemka, nikasema huyu nitamkomesha.

Hapa mjini kuna hifadhi kubwa ya kinamasi. Sitaitaja, wenyeji mtaijua. Ina njia za mbao, madimbwi, mafunjo marefu kuliko mtu, na ndege wa kila aina. Wako pia korongo taji, wale wenye ushungi wa dhahabu kichwani, ambao kwa Kinyarwanda tunawaita imisambi, mmoja wao umusambi. Wazee watakumbuka zamani mtu mwenye uwezo alikuwa anafuga umusambi uani kama pambo. Unakamatwa ungali kifaranga, unakatwa mbawa, unatembeatembea kwenye nyasi wageni wanausifia. Siku hizi ni marufuku. Lakini wapo ambao bado wanautaka, na wapo wanaojua kuwatafutia.

Mlinzi mmoja wa hifadhi nilimfahamu kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitamwita Mama Aline. Mrefu, mwembamba, alikulia Bujumbura, ana sauti ya kuongoza kwaya ya kanisani. Anakaa Busanza, kwenye yale maghorofa waliyohamishiwa watu. Siku hiyo alikuwa anahangaika na vigingi vya mpaka wa hifadhi vilivyosukumwa na mafuriko. Nikamwambia dada, hiyo ni kazi yangu, nikaenda kuchukua mashine ya kupimia ya ofisi garini. Baada ya saa mbili hivi tulikuwa tumemaliza vyote.

Alifurahi mno. Akanishika mkono.

"Kuja, nikuonyeshe kitu. Vua viatu."

Tukaacha njia ya mbao, tukapita kwenye maji ya magotini, yeye mbele anaachanisha mafunjo kwa viganja na kuyarudisha taratibu nyuma yangu. Tulipofika akanibonyeza bega nichuchumae. Mbele yetu, kwenye kichuguu cha majani yaliyokanyagwa, alikuwa amelala umusambi. Akageuza kichwa akatutazama kwa jicho moja. Mwenzake alikuwa amesimama pembeni kama askari.

"Iko na mayai tatu," Mama Aline alininong'oneza. "Mimi naonyesha wewe peke yako. Hata mkubwa wangu hajui hii mahali. Akijua, ataleta wageni na makamera, na huyu mama atakimbia mayai yake."

Nikamwambia siri yako iko salama. Nilisema kwa kinywa changu hiki.

Wiki moja baadaye nilikuwa nimekaa na Patrick kantini ananidhihaki kuhusu kisanduku cha sita. Ndipo kikanijia kichwani mahali pale. Si kiota, nilijiambia. Nani anazungumzia kiota? Ni mafunjo tu. Ni mahali ambapo hakuna mtu angefikiria, na Patrick na viatu vyake vya kung'aa angekoma. Nitakiweka mbali kidogo, hatua arobaini hivi. Hatua arobaini zilinitosha kuituliza dhamiri yangu.

Nikaenda saa saba mchana, wakati walinzi wanakula. Nilikiweka juu ya kisiki, nikakifunika kwa majani. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikutumia simu kupima. Simu zinakosea hatua tano, sita. Nilitumia mashine ya ofisi, nikangoja isome hadi nipate namba zisizotingishika. Wengine wanakupeleka jirani na kisanduku, mimi nilitaka nikuweke juu yake.

Kisha likaja dokezo. Nilikaa kitandani nikafikiri dokezo tamu, la kumfanya Patrick akune kichwa. Nikaandika: "Wasikilize wenye taji, wako jirani."

Mnaona? Nilimwambia kila mtu mwenye simu, ndani ya Kigali na nje ya Kigali, kwamba pale kuna korongo taji. Na nikampa namba.

Patrick alikipata siku ya nne. Alirudi na matope hadi kiunoni, akanipigia saluti mbele ya ofisi nzima. "Sista, hapo umeniweza." Bichwa likanivimba. Siku ile nililala usingizi mtamu.

Baada yake wakaja wengine. Nilikuwa naona kwenye programu: mmoja, wawili, watano. Kila mmoja anaandika sifa, kisanduku bora Kigali nzima, mahali pa ajabu, tumewasikia wenye taji. Sikuwaza kabisa kwamba kila mmoja wao alikuwa na miguu miwili.

Wiki ya tatu nikaenda kubadilisha daftari lililojaa. Nilipofika ukingoni mwa mafunjo nikasimama. Hakukuwa tena na haja ya kuachanisha kitu. Kulikuwa na njia. Mafunjo yamelala huku na huku, matope yamekanyagwa hadi yakashupaa. Mtu angeweza kupita na baiskeli. Na njia ile haikuishia kwenye kisanduku changu. Iliendelea mbele kidogo, nyembamba, upande wa kiota.

Sikuifuata. Niliogopa, nasema ukweli. Ndege hawakulia, wala chura hakulia. Nikafungua kisanduku haraka haraka, nikapekua daftari.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa wino wa bluu. Kalamu niliyoweka mimi ilikuwa nyeusi, kwa hiyo aliyeandika alikuja na yake. Herufi kubwa, zimenyooka, hakuna jina la mchezo.

"ASANTE KWA NJIA. MAYAI MATATU. NITARUDI YAKISHAANGULIWA."

Nililielewa neno kwa neno. Sitajitia hamnazo hapa kwamba nilidhani ni utani. Nikakitia kisanduku kizima kwenye begi.

Sasa hapa ndipo penye kosa lenyewe. Kuficha kisanduku ulikuwa upumbavu na kiburi. Lakini kuanzia pale nilikuwa najua. Mama Aline alikuwa langoni, namwona kutoka mbali, anacheka na watoto wa shule waliokuja kutembea. Ningemwambia tu: dada, kuna mtu amekiona kiota, weka mlinzi pale mchana kutwa. Angeniuliza umejuaje. Ningesema. Angenikasirikia, yangeisha, na vifaranga vingekuwa hai pale majini hadi leo.

Nilipita mbele yake na kisanduku kwenye begi langu. Akaniangalia suruali, ina matope hadi gotini.

"Ulikuwa wapi, dada?"

"Niliteleza kwenye daraja," nikamjibu.

"Pole. Ujioshe pale kwa bomba."

Nikajiosha kwa bomba. Nyumbani nikafuta kisanduku kwenye programu, nikajiambia yamekwisha, hakuna kisanduku hakuna kesi. Kana kwamba njia ile nayo nilikuwa nimeibeba kwenye begi.

Siku kumi na mbili zilipita. Ilikuwa Jumanne, ikanyesha mvua ile ya Aprili, ya kuanzia saa nane mchana na kupiga mabati hadi husikii mtu wa karibu. Walinzi wote walijikinga kibandani kama watu wowote wenye akili. Saa kumi na moja Mama Aline akanipigia simu. Ni sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Wamekamata watoto. Yote tatu. Na mama yao wamemvunja bawa, amejaribu kupigana. Mana yanjye, Mungu wangu, dada, mama amekufa mikononi mwangu."

Nikasema pole. Nikasema pole tena. Nilikuwa nimesimama jikoni, nimeshika simu, na daftari la wino wa bluu liko kwenye droo ya vijiko mbele yangu.

Akasema wakubwa wanauliza nani alijua kiota kilipo. Akasema, "Mimi peke yangu nilijua." Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, mvua inanguruma upande wake na upande wangu. Mimi nami nikanyamaza. Mwishoni akasema haya, usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukaenda umuganda palepale hifadhini. Watu wengi kuliko kawaida, habari ilikuwa imeenea. Tulifyeka, tukazibua mitaro. Yule umusambi dume aliyebaki alikuwa amesimama peke yake kwenye dimbwi la mbali, analia. Anapiga mlio mmoja, ananyamaza kama anayesubiri kujibiwa, anapiga tena. Watu walifyeka bila kupiga soga.

Baada ya kazi huwa kuna mkutano, mnajua. Mkubwa mmoja wa pale akasimama, akasema jambo hili limewatia aibu. Akasema kiota hakikuwa kwenye taarifa yoyote, kilifichwa na mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi huyo ndiye pekee aliyekijua. Hakumtaja. Hakukuwa na haja, macho yote yalikwenda kwa Mama Aline. Alikuwa amesimama na jembe lake, kitambaa kichwani, anatazama mbele.

Akaulizwa hadharani: "Ulimwonyesha mtu yeyote?"

"Sikuonyesha mtu," akasema.

Yule mkubwa akageuka kwetu sote.

"Kuna mwenye neno?"

Mama Aline akageuza kichwa akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu ambaye zamu yake imefika.

Nikainamia simu yangu. Nilifungua kitu, sikumbuki hata ni kitu gani, nikawa nakisukuma juu na chini kwa kidole. Nilihesabu pumzi zangu. Mkutano ukafungwa.

Wiki iliyofuata alifukuzwa. Kwa maneno mazuri ya barua, lakini mtaani waliyafupisha: ameuza vifaranga. Kwaya ikampumzisha kuongoza. Binti yake Aline, yuko sekondari, wenzake wakaanza kumwimbia sauti ya umusambi anapoingia darasani. Hayo niliyasikia sokoni kwa watu wasiojua kwamba namfahamu.

Nilikuwa silali. Nikilala naota njia ile inaendelea, inatoka kwenye mafunjo, inapanda barabara, inaelekea Niboye. Chakula hakipiti. Kazini nilisimika bikoni mbili ndani ya kiwanja cha jirani, mimi, mambo ambayo hayajawahi kunitokea. Patrick akaniuliza sista unaumwa? Nikamfokea hadi akaogopa.

Siku moja nikapiga moyo konde, nikapanda pikipiki hadi Busanza. Mama Aline alinifungulia, akanikaribisha kiti, akanipa chai ya maziwa. Sikuigusa. Nikaweka daftari mezani, nikalifungua ukurasa ule, nikamweleza yote tangu Patrick na chai ya saa nne. Nililia wakati namweleza. Yeye hakulia.

Alisoma yale maneno ya bluu polepole, akalifunga daftari.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile siku ya matope. Daraja yetu haina matope, dada. Halafu nikaenda kule, nikaona kisiki na majani yamekatwa. Mimi naonyesha mtu moja tu, na huyo mtu anatoka kule na matope. Nikawa napita pale kila siku kuchunga, mpaka ile mvua. Nilifikiri atakuja kuniambia mwenyewe."

"Kwa nini hukunitaja? Walikuuliza mbele ya watu wote."

"Ningesema wewe, wangeuliza nani alikuleta kule. Mimi ndiye nilikuleta." Akasukuma kikombe changu karibu nami kidogo. "Na nilikuwa nakungoja. Yule mzee alipouliza kuna mwenye neno, nikasema moyoni, sasa atainua mkono. Ukaangalia simu."

Nikamwambia nitaenda kesho, nitawaambia kila kitu. Akatingisha kichwa.

"Sasa ukienda watasema Mama Aline ni mwongo pia. Nilikungoja siku ile. Ile siku imepita. Kunywa chai."

Nikainywa. Ilikuwa imepoa na imeota utando. Aliniongoza hadi mlangoni, akanirudishia daftari, akaniambia ihangane, neno ambalo Wanyarwanda tunamwambia mfiwa. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Ningeishia hapo, pengine nisingeandika. Lakini Alhamisi iliyopita nilikuwa namwagilia ile bougainvillea, nikakumbuka kisanduku changu cha kwanza, kile cha ukutani. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Vile vingine vyote nilikuwa nimeviondoa, hicho kimebaki, na kwenye programu bado kipo, na namba zake, na jina langu la mchezo.

Nikaingiza mkono kwenye tundu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko ninavyokifunga mimi. Ndani kulikuwa na unyoya mmoja wa dhahabu, mgumu kama uzi wa brashi, wa ushungi wa umusambi mkubwa. Na karatasi. Wino wa bluu.

"ASANTE KWA NJIA. NASUBIRI KISANDUKU KINGINE."

Niliangalia barabara. Mama muuza ndizi, pikipiki mbili, msichana na sare ya shule. Yeyote kati yao, au hakuna. Tangu siku hiyo nafunga geti jua halijazama, na kila anayesimama kwa nje kuongea na simu namchungulia hadi aondoke. Anajua ninapolala. Nilimpa namba mwenyewe, tena zilizopimwa vizuri.

Lakini nimekaa na karatasi hizo mbili, ya kiotani na ya ukutani, nimezilaza sambamba mezani. Mwandiko ni mmoja. Hata mtoto ataona kwamba si mwandiko wa Mama Aline, na kwamba mwandishi wake yuko huru, na kwamba anataka tena. Nimefikiri sana maneno yake ya chai. Ni kweli wataona alidanganya. Afadhali aitwe mwongo kwa kunificha mimi kuliko aitwe mwizi kwa ajili yangu.

Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitafyeka pamoja na wengine. Mkutano ukianza, nitakuwa nimesimama mbele na daftari, na simu nitaiacha nyumbani. Kazi yangu huenda ikaota nyasi, maana mashine ile ilikuwa ya ofisi. Na iote.

Nanyi mnaocheza mchezo huu, na wengine msioujua kabisa: mahali ulipoonyeshwa na mtu kwa kukuamini si pako kupaweka kwenye ramani. Usipaandike, usipapige picha, usimwambie hata rafiki ili akusifu. Hujui nani anasoma nyuma yake.

Na mkishakosea, kama mimi, basi siku ile watakapouliza kama kuna mwenye neno, inueni mkono siku hiyohiyo. Mimi nauinua kesho, na nasikia bado yule dume analia dimbwini, mlio mmoja, ananyamaza, anasubiri.